Sura Nzima Kabla ya Kuinuka Mezani

Jumatatu, 14 Januari

Baridi ya Manitoba imegandisha madirisha hadi ndani. Mume wangu Isbrand katoka nje alfajiri na soksi tu! Nimemkuta kwenye zizi tupu, eti anakwenda kukamua. Ng'ombe tuliuza zamani. Nikamvuta na hii nyonga yangu mbovu, akanipiga ngumi ya bega. Kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, mume wako yuko wapi?"

Nilikaa kwenye ngazi nikalia.

Baada ya uji akafungua Biblia penye utepe wa alama, akasoma Zaburi ya 111 bila kukwama. Jina langu limemtoka, lakini Kijerumani kile cha baba zetu anakisoma kama zamani. Simwelewi Mungu.

Jumatano, 16 Januari

Justina kapiga simu. Chumba kimepatikana nyumba ya wazee mjini. Wanamtaka baba yake Jumanne kabla ya saa sita mchana, la sivyo chumba atapewa mwingine. Binti yangu anasema nikikataa atatuzika wote wawili kabla theluji haijayeyuka. Ana ulimi, huyu! Lakini hajasema uongo.

Nimekubali.

Leo sura ya 113. Sikusikia hata neno.

Ijumaa, 18 Januari

Bega limekuwa jeusi. Mchungaji kaja kunifariji. Anasema kule nyumba ya wazee kila wiki hubandika kifungu kizuri cha Biblia ukutani.

Kifungu! Isbrand wangu na kifungu wapi na wapi? Kwake ni sura nzima, kwa mpangilio, na hakuna kuinuka mezani mpaka iishe. Ndivyo tulivyoanza asubuhi ya kwanza ya ndoa. Alisoma mwaka ule mvua ya mawe ilipolaza ngano yote. Alisoma asubuhi tuliyomzika mwanetu Peta, na zamu ilikuwa ya majina matupu, fulani akamzaa fulani. Siku hiyo nilimchukia. Lakini nilipoinuka, miguu ilinibeba.

Akiondoka nitasoma peke yangu? Sijui. Sijawahi kusoma kwa sauti mezani, msomaji ni yeye. Naogopa kimya cha meza hii kuliko ngumi zake.

Jumatatu, 21 Januari

Justina kaja, analala hapa. Tumefunga sanduku — shati la kanisani, miwani, viatu vya ndani. Halafu akakumbuka sura ya kesho, akashika kichwa. Zaburi ya 119! Ile ndefu kupita zote, na mjini ni mbali kwa theluji hii. Alipokuwa mdogo ilimkosesha basi la shule, hajasamehe hadi leo.

Akaninong'oneza, "Mama, rudisha utepe kwenye 117. Mistari miwili tu. Baba atajua wapi?"

Nikamwambia hapana, ashike adabu yake. Alipokwenda kuoga nikaurudisha. Ndiyo, mimi.

Jumanne, 22 Januari

Naandika hapa hapa mezani, Isbrand akisoma. Tangu niolewe sijawahi kufanya kitu kingine wakati huu. Mungu anisamehe, nisipoandika nitapiga kelele.

Alifungua penye utepe, akatazama. Huyu aliyemuuliza Justina leo asubuhi yeye ni mtoto wa nani! Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Hii tulisoma juzi," akasema. Hakukasirika. Akafunua mbele mpaka 119.

Aibu ilinishika hadi masikioni. Justina alitazama uji wake.

Akasoma. Mwenye zaburi anasema amelipenda neno, analiwaza mchana kutwa, lingekosekana angeshaangamia taabuni. Nimelisikia miaka yote hii, nikidhani ni maneno ya kupamba tu. Nje gari linaunguruma, maana ukilizima kwenye baridi hii haliwaki tena. Justina amevaa koti, macho kwenye saa.

Ilibaki mistari michache. Nilishashika koti la Isbrand. Kikohozi kikamkamata, nikampa maji. Alipoinua uso alikuwa amepotea, macho yanahangaika ukurasani. Mimi najua alipoachia. Ilitosha kumwekea kidole tu.

Akafunua nyuma. Akaanza upya, mstari wa kwanza.

"Mama, mwonyeshe," Justina akasema. Sauti ilikuwa ya kilio.

Sikumwonyesha. Nimesogeza kiti changu karibu na chake. Justina katoka nje, mlango kaubamiza.

Sasa anakwama kila mstari. Amechoka, midomo imekauka. Injini imenyamaza — sijui kaizima au imezimika yenyewe. Saa ya ukutani siitazami.

Ananisukumia Biblia.

"Dada, endelea wewe," anasema. "Usiruke kitu."

Naweka kalamu chini.