Usipa Wako na Zulia Langu

Mbinga Mjini,
Jumapili, baada ya alasiri.

Kwa dada yangu Sumaiya,

Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na upepo wa ziwa haujang'oa tena mabati ya jiko lako. Sisi huku tupo, tunashukuru. Baridi ya mwaka huu haina mchezo. Ukungu unaingia mpaka ndani, na nguo nikianika Jumatatu naanua Ijumaa zikiwa bado na unyevu. Najua utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Nyumba yetu ni ndogo, nikiongea na simu shemeji yako anasikia kila neno. Bahasha hii nitampa Abdulazizi, anateremka Mbamba Bay kesho na mzigo wa duka, akukabidhi mkononi.

Nimesikia umenikasirikia. Mwenzangu Adija aliporudi kutoka huko ziwani alinieleza kwamba ulisema tangu uanze kukausha usipa hujawahi kumtumia mtu dagaa wabichi, na kwamba gunia lile ulilotutumia lilikuwa kavu, usipa ukiushika unalia mkononi, sasa limevujaje hata likaharibu zulia la watu? Hata hivyo hukuacha kunitumia dawa: limau na majivu ya kuni, nipake, niache kidogo, kisha nisugue kwa maji baridi. Huo ndio moyo wako, unagomba huku unasaidia. Nilifanya kama ulivyosema. Harufu ilitulia asubuhi, mchana ikarudi.

Hakuna nilichoacha kujaribu. Nimenyunyiza magadi nikayafagia, nimemwaga siki mpaka macho yakanitoka machozi, nimefukiza udi hadi jirani yangu Notburga akauliza kama tuna harusi. Yeye ana shamba la kahawa kule Mbuji, akanishauri nitandaze kahawa ya unga, akasema kahawa hunyonya kila harufu, kwao huiweka hata kwenye kabati la nguo. Sawa, lakini kabati lao ni kavu. Zulia langu lilikuwa halijakauka, na kwa ukungu huu kahawa ikalowa yote. Sasa lile zulia la rangi ya maziwa unalolijua lina doa la kahawia kuanzia mlangoni mpaka dirishani, na harufu ipo palepale. Notburga alishika kichwa. Tulicheka, dada, na nilipofunga mlango nililia, maana ndiye mgeni pekee niliyempata tangu Idi.

Darasa letu la dini la kila Alhamisi limehamia kwa Adija. Unakumbuka wanawake walivyokuwa wakijaa hapa, viatu vimetapakaa barazani, vikombe havitoshi, kisha alasiri tunaswali pamoja palepale kwenye zulia. Sasa Alhamisi nawasikia wakipita barabarani wakicheka, nami niko ndani nasugua. Nimekuwa mpweke kuliko hata mwaka ule mwanangu Sadiki alipohama. Wote wanaamini ni usipa. Watu wa huku milimani ukiwaambia kitu cha ziwani kimevuja hawaulizi swali la pili.

Dada, usipa wako haukuvuja. Tangu afanyiwe upasuaji, shemeji yako haja ndogo inamtoka bila yeye kujua. Mara ya kwanza alikuwa amejilaza zuliani baada ya adhuhuri. Alipoamka akaona, aligeukia ukutani akasema gunia lako limevuja. Gunia lilikuwa jikoni, juu ya meza. Nikamjibu kwamba kweli, usipa wa safari hii una maji, nikaenda kuchota ndoo. Imetokea mara nyingi tangu hapo, na kila mara tunausema usipa. Unamjua Kombo. Kanzu yake haijawahi kukosa pasi, na akipita sokoni watu walikuwa wanasimama kumwamkia. Siku hizi hata msikitini haendi, anasema miguu inauma.

Wala wanawake hawakunikimbia. Samaki si najisi, nani angeacha kuja kwangu kwa sababu ya samaki? Mimi ndiye niliyewaambia wahamie kwa Adija, kwa kuwa sikuweza kuwaacha wasujudu pale. Na zulia lenyewe siwezi kulitoa. Siku nitakapolikunja nitakuwa nimemwambia usoni kwamba najua, na huyo mtu hatainua tena kichwa ndani ya nyumba yake.

Leo ameniagiza nikuandikie uache kututumia usipa, kwamba unatuaibisha mjini. Amekaa hapa mbele yangu kwenye kiti, anaamini ndicho ninachoandika.

Nakuomba uje, dada. Usilete dawa yoyote. Ukifika msalimie kama kawaida, ukae naye, kisha nikiwepo umwombe radhi kwa lile gunia. Mwambie lilivuja, hukulikagua vizuri kabla ya kulifunga. Najua nakuomba ubebe kosa lisilo lako, na unavyojivunia usipa wako najua itakuuma. Lakini uongo huu nimeubeba peke yangu, na sasa nimechoka kuwa peke yangu.

Wasalimie wote wa nyumbani. Shemeji yako anakusalimia pia. Nimemwuliza niandike nini, akasema nikuandikie kwamba hana kinyongo.

Mdogo wako,
Shamimu