Ghala Lililohamishwa Kalimoni

Mpendwa Wambui,

Huku Makongeni tuko salama; shosho, nyanya yako, anafuga kuku tena. Unauliza roboti zako ndogo zitasukumaje sanduku pamoja bila kiongozi, kila moja ikihisi tu iliyo kando yake.

Nikiwa kijana kule Kalimoni, majirani walikuja kutuhamishia ghala la mahindi. Walilibeba mabegani likiwa zima. Mtu mmoja alitangulia akiwapigia kelele: "Kushoto! Inueni! Haraka!" Ghala liliyumba, nusura liwaangukie. Sauti ilipomkauka, kila mbebaji alianza kufuata bega la mwenzake, na ghala likafika bila ubao kulegea.

Mpiga kelele alikuwa mimi. Walipolitua, ni mimi peke yangu ambaye sikuwa na vumbi begani.

Guka, babu yako