Majivu ya Shikuku

Jumatatu, 3 Februari
Mawe tena, toroli baada ya toroli. Mgongo umekufa. Handaki limeingia mbali ndani ya kilima, na Daktari Chebet bado anataka mwamba zaidi juu ya mashine yake. Anatafuta maada ya giza. Anasema inapita ndani ya mawe na ndani yetu bila kugusa kitu, na vitabu vya fizikia havijaifahamu. Shikuku akamwambia, "Haionekani, haishikiki? Daktari, huyo ni landlodi wangu choo kikiziba." Daktari alicheka hadi akashika ukuta.

Alhamisi, 6 Februari
Shikuku amekufa. Jiwe la dari. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Tulitoka Busia pamoja, miaka minne chumba kimoja hapa Salgaa.

Jumatatu, 17 Februari
Tumemzika kwao. Nimerudi kazini. Naogopa dari. Jiko lake bado lina majivu ya ugali wa mwisho.

Jumamosi, 22 Februari
Tumepanga matofali ya risasi, ile metali nzito, kuzunguka mashine. Kila moja tunalipangusa kwa spiriti, glovu mikononi. Daktari hataki hata vumbi ndani.
Mashine imekaa pale pale alipoangukia Shikuku. Baba alipogongwa na lori akafa, mama alimwaga majivu ya jiko lake barabarani, ili roho yake isibaki ikizunguka pale. Nami nimeweka ya Shikuku, mfuko mdogo, nyuma ya tofali la mwisho. Sikumwambia mtu. Majivu yameshaungua. Yatadhuru nini?

Jumatatu, 10 Machi
Mashine inasikia kitu. Daktari haketi. Anasema si chembe za nyutrino, si chochote anachokijua. Amenishika mikono yote miwili. "Mzee, huenda mmechimba pahali pa historia!"
Nikamuuliza nini kinaweza kudanganya mashine. Vumbi la mawe, akasema. Ndizi. Majivu. Vina potasiamu, nayo hutoa mionzi. "Lakini ndani ya risasi hakuna."
Nililitazama tofali la mwisho.

Jumatano, 12 Machi
Sijala. Nikinyamaza, Daktari ataaibika mbele ya wenzake wa dunia nzima. Nikisema, nafukuzwa, na nina watoto watatu. Na Shikuku anatolewa handakini mara ya pili. Kesho anatuma ripoti.

Alhamisi, 13 Machi
Nimesema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.
"Ni ya nani?"
"Ya Shikuku. Ya jiko lake."
Tulishusha matofali pamoja. Mfuko ulikuwa umepasuka. Yaliyomwagika aliyachota mwenyewe kwa kijiko, pole pole, amepiga magoti.

Jumanne, 18 Machi
Mashine imenyamaza. Hakuna kitu. Msimamizi amenifukuza. Daktari hakunitetea, na simlaumu.
Amenirudishia majivu baada ya kuyapima. Yamo kwenye chupa safi yenye kifuniko. Chupa zake zote zina namba. Hii ameiandika jina: Shikuku.
Kesho tunaenda nyumbani.