Umeufuta Mlango wa Kabati

Kathir,

Mchuzi wa sambari uko kwenye sufuria, upashe moto kabla ya kula. Mashine ya kukereza chuma usiiwashe. Na huyo fundi wako wa kompyuta asiguse kitu mpaka nirudi.

Leo asubuhi mlipoing'oa kompyuta ya zamani ya mashine na betri yake, mashine ikasahau vipimo vyake vyote, mimi sikuhamaki. Si nilikwambia vimeandikwa kwa penseli ndani ya mlango wa kabati la umeme, vya miaka ishirini na saba? Nikafungua. Mlango unang'aa mpaka nikajiona.

"Nilifuta kwa mafuta ya taa, Baba. Kesho ni sikukuu ya kuziombea mashine, nikataka tupake sandali ya baraka mahali pasafi."

Ili kioo cha kompyuta yako mpya kipendeze. Haya, kimependeza.

Nakwenda kwa Rangasamy, aliyenunua mashine kama yetu siku moja na mimi. Hatujasalimiana mwaka wa tisa huu, lakini leo nitampigia magoti anipe vipimo vyake. ~~Ukitaka, njoo tufuatane.~~ Baki hapo hapo. Vyake vitaifanya itembee tu, si kukata sawasawa. Yetu ilivyochakaa, yeye ataijulia wapi?

Maua ya kesho nunua, usiache.

Na ujue jambo moja, maana hukuwahi kuuliza. Mimi nilikuwa napima tu. Aliyekuwa akiandika ni marehemu mama yako, na nyumba nzima hii haina mwandiko wake mwingine.

Baba