Bundi wa Mwingi na Kitanda cha Parklands

Baba yangu,

Nimekukasirikia mwaka mzima. Mama amechoka kunisikiliza, kwa hivyo leo nakuandikia wewe mwenyewe, hata kama hutajibu. Hata ulipokuwa hai kujibu hakukuwa kipaji chako.

Unamkumbuka yule bundi mdogo wa kwetu Mwingi, asiyezidi ngumi ya mtu mzima? Ulikuwa umekuja likizo kutoka Lavington, Nairobi, ulikotunza bustani za watu, nami nilikuwa darasa la tatu. Ulinipeleka nyuma ya jiko mchana wa jua kali ukaniambia nimtafute kwenye mgunga. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Kumbe alikuwa mbele yangu, amejibana kwenye shina, macho kayafumba, rangi yake ile ile ya gome. Majirani walikuwa wakimrushia mawe wakisema analeta kifo. Wewe ulicheka, ukawaambia huyo kazi yake ni kula panzi na nondo, hana muda wa kuhesabu wagonjwa. Nikakua bila kumwogopa bundi, na shuleni nilibishana na kila mtu kwa sababu yako.

Sasa niambie ilikuwaje.

Kitanda chako hospitalini Parklands kilikuwa tayari. Upasuaji ulikuwa Jumatatu. Daktari alikuwa ametueleza kwamba ule uvimbe tumboni bado ungeweza kutolewa, ila tusikawie. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimekununulia pajama na ndara, na ulikuwa umekaa kwangu hapa Nairobi, mtaa wa Satellite, wiki nzima ukilalamika kwamba uji wangu ni mwepesi. Jumamosi mjomba akapiga simu kutoka nyumbani. Bundi amelia juu ya paa lako siku mbili mfululizo, akasema, na wazee wanajua maana yake. Jumapili asubuhi nikakukuta umefunga begi.

Nilikufuata hadi mjini, kwenye ofisi ya mabasi, nikikusihi mbele za watu. Nilikukumbusha mgunga, mawe, panzi, kila kitu. Ulitazama ubao wa saa za safari tu. Mwishowe nikakuuliza, "Baba, hiyo bundi ya Mwingi imejuaje ratiba ya daktari wa Nairobi?"

Ukasema, "Mama, wacha. Mimi nimeskia."

Uliniita hivyo tangu nizaliwe kwa sababu nina jina la mama yako, na siku nyingine neno hilo lingenilainisha. Siku hiyo lilinichoma. Nikakwambia, "Sawa, enda ukazikwe na bundi yako." Nikageuka nikaondoka kabla basi halijajaa.

Ulikufa baada ya miezi saba. Na kwenye mazishi, Baba, mjomba alisimama akashika kipaza sauti akasema bundi hakudanganya. Watu wakaitikia kwa vichwa, hata mchungaji. Nilitaka kumnyang'anya kile kipaza sauti. Bundi hakusema lolote! Alikuwa anamwita mwenzake, jambo ulilonifundisha wewe. Uliuawa na uvimbe ambao mtu alikuwa amenawa mikono tayari kuutoa. Lakini ningeanzia wapi kueleza, na mwenye kujua ukweli alikuwa ndani ya sanduku?

Kila siku ya kazi napita nje ya ile hospitali. Naona watu wa rika lako wakitoka polepole, wameshikwa mkono na binti zao, na nakasirika upya. Nimekuita mkaidi, nimekuita mnafiki. Hayo yote nilimwambia Mama alipokuja kunitembelea juzi. Alikuwa anachambua mboga, hakuniangalia. Akasema hukuwahi kumwamini bundi hata siku moja. Ulipofika nyumbani ile Jumapili ulimuuliza jambo moja tu: "Wakinilaza kwa dawa wanipasue, na nisiamke?" Alidhani mimi ulishaniuliza.

Hukuniuliza. Na mimi nilibishana na ndege siku nzima, wewe sikukuuliza kitu.

Bado nina hasira, nisikudanganye. Lakini lile neno la kwenye ofisi ya mabasi nalirudisha, lote. Lala salama, Baba. Ungeniuliza, ningekwambia kwamba hata mimi sijui, na kwamba nitakaa hapo mlangoni pa chumba cha upasuaji mpaka madaktari watoke waniambie.

Binti yako,
Mumbua