Kikombe cha Maji Kitonga

Baba,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Tangu tukuzike, mara nyingi nikilia sikulilii wewe. Nalia wivu. Namwonea wivu Dada Tumaini, binti yako wa Ilomba, Mbeya, uliyemzaa kabla hujamwoa Mama.

Usinikasirikie. Ngoja nikueleze.

Msiba ulipokwisha Dada hakurudi Mbeya. Alibaki kumsaidia Mama kumalizia kazi za gereji yako. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, basi kazi yangu ikawa kuchemsha chai na kumtazama akivaa ovaroli lako. Limemkaa, Baba. Mimi nililijaribu siku moja, nikaonekana kama mtoto aliyevaa kanzu ya padri. Watu wa hapa Mlandege wakipita wanamsalimu, "Kamwene, fundi! Umefanana na baba yako mpaka kukohoa." Mimi wananiagiza chai.

Halafu likaja gari moja, ungelipenda. La dizeli, refu, ndani lina kitanda, jiko, mpaka choo. Wenyewe ni mzee wa Kizungu na mkewe, wanaishi humo huku wakizunguka Afrika. Mzee alieleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba mlima Kitonga umemwaibisha. Injini inaunguruma, gari haliendi. Lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni lilimpita, na vijana waliokaa juu ya magunia wakampigia kelele, "Babu, shuka usukume!"

Dada aliliendesha kidogo akasema injini haina kosa, giaboksi ndiyo inayoila nguvu. Ni ya otomatiki. Mlimani inaingia gia ya nne mapema mno, inashindwa, inarudi ya tatu, inajaribu tena ya nne, mpaka inachemka. Akabadilisha oili na chujio, akachomeka kompyuta yake na kuanza kuifundisha upya: ikae gia ya tatu mpaka injini ifike kwenye nguvu zake, ndipo ipande. Wewe ungelala chini ya gari na bisibisi, uso wote oili. Yeye alikaa kwenye kiti akibonyeza. Hata hapo niliona wivu, kwa niaba yako.

Nikajifariji kwamba kujaribu gari ni kwangu. Unakumbuka? Kila otomatiki uliyotengeneza, ulinikalisha nyuma na kikombe cha bati kilichojaa maji hadi ukingoni. Mimi ninayeshindwa kusalimia wageni, pale nilikuwa na kazi. "Usiniambie habari za gari, mama," ulikuwa ukisema, "niambie habari za maji." Nilidhani hakuna mtoto mwingine duniani aliyewahi kufanyiwa hivyo.

Tukashuka hadi Ruaha Mbuyuni, tukageuza. Nilikaa kitandani na kikombe changu, mke wa mzee pembeni yangu amekumbatia fungu la vitunguu. Dada alikiona kikombe wala hakuuliza ni cha nini. Nilishangaa.

Tukaanza kupanda. Gia ilipotoka ya tatu kuingia ya nne, maji yakaniruka mapajani.

"Vipi huko nyuma?" Dada akapaza sauti.

Baba, nilitaka kusema salama. Gari lirudi hivyo hivyo, mzee alalamike, watu waache kumsifu Dada. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini maji yalikuwa yako. Sikuweza kuyasemea uongo.

"Inasukuma ikiingia ya nne," nikasema.

"Sana?"

"Sketi imelowa."

Akacheka, akaegesha mahali penye nafasi, akapunguza kwa kompyuta presha ya oili inayoibana ile gia. Tukarudi chini, tukaanza upya.

Safari hii giaboksi haikuhangaika. Ya tatu ikakaa, injini ikavuta kona baada ya kona, na mlima ulipolegea kidogo ya nne ikaingia. Maji yalitetemeka tu, kama ya mtu anayetembea nayo. Tukalipita lori jingine la vitunguu. Mzee akafungua dirisha alipe kisasi, lakini Kiswahili kikamkimbia, akabaki anapunga kofia.

Wewe hukuwahi kuipata laini vile. Nisamehe kwa kulisema.

Ndipo Dada akasema, bila hata kugeuka, "Mimi Baba alikuwa ananishikisha uji, kule Mbeya, Mlima Nyoka. Eti maji yakimwagika mtu haumii, uji nitaulinda."

Nilitazama dirishani hadi Ilula. Kumbe zile safari zako za Mbeya, za kufuata spea. Uji, Baba! Wa moto? Aliunywa baadaye, mkiwa mmeegesha mahali, mnaongea? Mimi maji yangu uliniambia niyamwage.

Mama ameamua vifaa vyako viende Ilomba na Dada, kwa kuwa hapa hakuna wa kuvitumia. Dada akaniambia, "Twende, mdogo wangu. Mtu wa kukaa nyuma sina." Nilitaka kukataa. Nilikuwa nimelala kitandani nikipanga maneno ya kukataa, nikawaza kwamba yeye ana miaka yako ambayo mimi sikuwepo. Anajua ulivyokuwa ukicheka ukiwa kijana. Nisipoenda, atabaki nayo yote peke yake.

Kwa hiyo naenda. Mama ameshanifungia unga na blanketi, anasema Mbeya baridi yake haina adabu. Nakuahidi nitajifunza kompyuta ile na bisibisi yako pia, mpaka siku nitakayoshika usukani mimi, na Dada Tumaini akae nyuma alowe.

Pumzika, Baba yangu. Nitakuombea kila jioni, hata siku nitakazokuwa nimekununia.

Ila haya ya wivu yabaki kwako. Dada asijue kamwe. Ukimtokea ndotoni, mzungumzie magari tu.

Na tafadhali, uanze kunitokea mimi.

Anjela wako