Wodi ya Mgonjwa Mmoja

Mwaka umetimia leo, Dada, tangu ulipokaa kwenye kiti chako cha dirishani baada ya chakula cha mchana, ukasema unafumba macho dakika tano tu, na hukuyafumbua tena. Mimi nilikuwa kwenye cherehani, hatua nne kutoka kwako. Nilikuita uje unishikie kitambaa, nikadhani unanipuuza, maana kunipuuza ulikuwa unakujua.

Mtoto wa kaka yetu, yule dereva wa teksi, ameniambia tangazo la kumbukumbu gazetini huwa mistari minne na picha. "Shangazi, marefu watu hawasomi," akasema. Nimemwambia siwaandikii watu, namwandikia Dada. Wengine wakisoma, basi na wasome.

Miaka thelathini na mmoja ulikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na ulipostaafu hukustaafu. Uliendelea kunawa mikono hadi kwenye viwiko kabla ya kumenya kitunguu. Uliendelea kuhesabu vijiko baada ya kuosha vyombo, kwa sababu kule kazini tumbo la mtu lilikuwa halifungwi mpaka Sista awe amehesabu mikasi na vitambaa vyote. Sura za watu zilikupotea, ila kovu hukulisahau. Siku moja kwenye foleni ya posta ulimwambia mwanamume mzima mwenye tai ainue shati uone kama ule mshono ulipona vizuri, naye akainua. Nilitamani ardhi inimeze. Wewe ulimpigapiga begani ukamwambia apunguze tumbo.

Wauguzi wanafunzi uliowaliza ndio waliojaa hapa siku ya mazishi. Kila mmoja alikuwa na kisa cha jinsi ulivyomgombeza asubuhi, halafu mchana ukamgawia chakula chako ukidai huna njaa. Sikuwashangaa. Mimi nimeishi hivyo hivyo na wewe tangu utotoni.

Karani wewe ndiye uliyemleta. Alikuwa mbwa wa kahawia asiye na kwao, akishinda mlangoni petu anamtazama kila anayeingia na kutoka, ndipo ukampa jina hilo. Siku lori la mchanga liliporudi nyuma likamkanyaga hapo mbele ya nyumba, wewe ulimfunga mguu kwa mtandio wako ukampakata hadi kwa daktari wa mifugo. Mguu wa nyuma wa kulia haukuwa wa kuokoa. Ukakatwa wote, kuanzia nyongani. Ulitaka kuingia chumbani usaidie, wakakuzuia, ukawanunia mpaka siku ya kumchukua.

Hapo ndipo sebule yetu ikawa wodi. Uliweka godoro dogo pembeni, ukabandika chati ukutani: saa ya dawa ya maumivu, saa ya kidonge cha kuzuia usaha, joto, choo. Ukaniagiza nimshonee fulana ya kufunika mshono asiurambe, maana ile kola ya plastiki aliyovishwa shingoni alikuwa akiigonga kwenye kila kitu mpaka tunaumwa kichwa. Niliishona kutokana na sare yako ya zamani, vifungo mgongoni. Nilitaka kuutoa mfuko, ukakataa. "Mgonjwa naye ana vitu vyake," ukasema. Hata leo sijui kama ulikuwa unatania.

Ulimgeuza ubavu kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Mshono uliukagua kwa tochi, hata mchana kweupe. Ulimlisha kwa mkono wako, ukambeba uani kwenda haja, ukambeba kurudi. Akijaribu kuinuka ulisema neno moja tu, "Lala," kwa sauti ile iliyokuwa ikiwanyamazisha madaktari bingwa, naye akalala. Daktari wa mifugo alikupigia simu akasema mbwa atolewe nje mara nne kwa siku, atembee kidogo kidogo akiwa kwenye kamba. Ulimjibu ndiyo, ndiyo, ukakata simu, ukanigeukia. "Katoto haka. Mtu kakatwa mguu juzi, atembee aende wapi?"

Sikubishana nawe. Lini nimewahi kubishana nawe nikashinda?

Siku ya kumi na nne nyuzi zikatolewa. Siku ya kumi na sita ukafumba macho dakika tano.

Watu walipokwisha kuondoka tulibaki mimi, Karani na chati yako. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nikafanya lile ulilokuwa umesema. Nilitegesha saa ya kengele, nikamgeuza kila baada ya saa mbili. Nilimbeba uani nikambeba kurudi, na kiuno changu unakijua. Akiinua kichwa nilisema "Lala" kwa kuigiza sauti yako, maana yangu haimtishi hata kuku. Chati ilipojaa nilichora nyingine kwa rula. Miezi miwili ikapita, wa tatu ukaingia. Dawa zilikwisha zamani, manyoya yameota juu ya mshono, na mimi bado naandika: joto, sawa, choo, sawa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Katika mwezi ule wa pili, siku moja, nilikuwa napinda sketi ya mteja. Nikainua macho kwenye kile kioo kirefu wanachojitazamia wateja wangu, nikamwona Karani nyuma yangu kwenye bakuli la maji. Alikuwa amesimama. Amesimama kwa miguu yake mitatu, wima kabisa, anakunywa taratibu. Nikageuka. Aliponiona akajilaza upesi na kuangalia pembeni. Nikarudi kwenye sketi yangu nikajitia hamnazo.

Agizo lako lilikuwa alale. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa. Huyu akipona, kazi uliyoniachia imekwisha, na mimi nitaamka asubuhi nifanye nini?

Mtoto wa kaka yetu alikuja Jumapili moja. Unamjua, moyo anao, subira hana. Alimtazama Karani, tumbo limenenepa, paja lililobaki limekonda, akakaa kwenye kiti, si chako, chako hakikaliwi.

"Shangazi, huku si kupona," akasema. "Huyu anateseka, na wewe unateseka naye. Mpaka mwisho wa mwezi kama hatembei, nitakuja nimpeleke mwenyewe, adungwe sindano apumzike. Halafu wewe uje ukae kwetu."

"Nani kakwambia anateseka?"

"Mwangalie."

Nikamwangalia. Ningeweza kusema palepale nilichokiona kwenye kioo. Nilinyamaza, Dada. Mbwa anahukumiwa mbele yangu nami ndiye shahidi peke yangu, nikanyamaza. Naona haya hata kuandika. Siku ya nne nikapiga moyo konde nikamwita daktari wa mifugo.

Alikuja yule uliyemwita katoto, binti mrefu mwenye buti za mpira. Alipiga magoti sakafuni, akamshika Karani paja, akambonyeza mgongo, kisha akasoma chati zote ukutani kuanzia ya kwanza, bila kucheka. Nilimpenda kwa hilo.

"Kidonda kilipona zamani," akasema. "Anachoumwa sasa ni kulazwa. Niliagiza atembezwe. Nani alisema alale?"

"Dada yangu. Alikuwa muuguzi."

"Yuko wapi nimweleze?"

"Alifariki."

"Pole sana, mama. Basi itabidi nikueleze wewe. Dada yako alizoea watu. Mtu ukimkata mguu anabaki na mmoja, lazima alale. Huyu amebaki na mitatu. Unamlaza wa nini?"

Ungekuwepo ungemjibu. Mimi nilicheka, kicheko cha kwanza tangu uondoke, na katikati yake kikageuka kilio. Yule binti alinishika mkono, mkono wake mwingine ukiwa bado kwenye paja la mbwa, tukakaa hivyo mpaka nikamaliza.

Alinipa masharti. Niache kupaka sakafu nta, kwa sababu ile sementi yetu inayong'aa, uliyokuwa ukijivunia, haina pa kushika ukucha. Nikakata zulia kuukuu vipande, nikavishonea mpira kwa chini, nikavipanga kutoka godoroni hadi mlango wa uani. Nimpitishie taulo chini ya tumbo nimshikilie kwa nyuma huku yeye anatembea, dakika tano asubuhi, tano mchana, tano jioni. Nipunguze chakula. Na lile neno nisiliseme tena.

Wiki ya kwanza Karani alisimama ndani ya taulo huku akitetemeka, akanitazama usoni, akasubiri. Alikuwa anasubiri akatazwe. "Haya mzee, twende kazini," namwambia, kiuno kinaniwaka moto. Anakwenda hatua tano, anajilaza. Nikilegeza taulo, analala. Nikimtazama, analala. Mguu ulikuwa unapata nguvu, nauona kabisa paja linajaa, lakini peke yake hasimami mbele yangu. Na mwezi ulikuwa unakatika.

Nilichelewa kuelewa kwamba huyu mbwa si mgonjwa, ni mtiifu. Ulimwambia alale, na hakuna aliyemwambia basi. Na mimi nilikuwa vivyo hivyo.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, asubuhi, teksi ikaingia uani. Mlango wake wa nyuma umeachwa wazi, shuka kuukuu limetandikwa kitini. Kijana wetu alikuja mpaka mlangoni akavua kofia.

"Uko tayari, Shangazi?"

"Njoo ukae hapa. Tazama cherehani."

"Shangazi, tulikubaliana."

"Nimesema tazama cherehani."

Akakaa. Nilikifunika kioo kwa kitambaa, nikageuka, tukampa Karani mgongo wote wawili. Nikaanza kushona kipande kisicho cha mtu yeyote, mstari juu ya mstari. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha nikasikia kucha kwenye zulia. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Kijana akataka kugeuka, nikamfinya goti.

Nisikufiche, Dada, lile neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Ningelisema angelala, na wewe ungeendelea kuitawala nyumba hii. Nikauma ulimi na kukanyaga pedali ya cherehani. Kucha zikapita nyuma ya viti vyetu, zikafika mlangoni, zikasita, zikashuka ngazi ile moja, zikapotelea mchangani.

Tulipotoka tulimkuta amesimama kando ya teksi, analikojolea gurudumu la nyuma. Upande huo hakuwa na mguu wa kuinua. Kijana wetu alimtazama mpaka akamaliza.

"Basi, nimejibiwa," akasema, akatoa lile shuka kitini akalikunja.

Siku hizi Karani anazunguka mtaa mzima. Fundi viatu anamhifadhia kivuli, wenye maduka wanamwita kwa mluzi, na lori likija anasogea mapema kuliko watu. Anatoka asubuhi, anarudi akitaka. Chati nilizibandua mwezi uliopita, nikafuta alama za gundi ukutani. Kila kitu kimekuwa kile nilichokuwa nakiogopa. Nyumba ni kubwa. Namaliza kushona naangalia saa, kumbe bado ni saa nne. Mtoto wa kaka yetu bado ananiita nikakae kwao, nami namwambia bado kidogo, na sijui nasubiri nini.

Watu wananiambia nitazoea. Wao waliwapata ndugu zao wakiwa tayari wanajua kuishi, ama waliwaacha wakaoa, wakaolewa, wakahama. Mimi nilizaliwa nikakukuta. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza ulisimama kando ya kitanda ukiwa na miaka sita, ukamfundisha jinsi ya kunibeba. Miaka sita ulikaa duniani bila mimi, kwa hiyo wewe unajua inavyokuwa. Mimi nina sitini na tatu, na huu ndio mwaka wangu wa kwanza. Ulinifundisha kufunga kamba za viatu, kuvuka barabara, kufunga bandeji isiyolegea. Hili hukunifundisha, Dada, na humu ndani hakuna mwingine wa kumuuliza.

Wanaokukumbuka ni mimi mdogo wako, fundi cherehani. Mtoto wa kaka yetu, mkewe na binti zao. Wauguzi wenzako wa chumba cha upasuaji, pamoja na wale uliowaliza. Daktari wa mifugo, yule uliyemkatia simu. Na Karani, ambaye kwa sasa hayupo nyumbani.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.